Mkanda Mmoja wa Cherehani

Kosa langu lilikuwa kulisema kwa sauti. Nafunga kamba za viatu barazani, mama Zuhura ananielekeza mkanda wa cherehani yake, nami nikajibu, "Nimeelewa, ngoja niwahi mjini." Neno "mjini" kwa nyumba za kupanga za Mbagala ni kama harufu ya pilau, lazima milango ifunguke. Kabla sijafika getini, mama mwenye nyumba keshaniagiza zulia, jirani wa kushoto feni ya kusimama, na mzee wa chumba cha mwisho kanikabidhi risiti ya miwani yake iliyoko kwa fundi Posta. Nikamwambia, mzee wangu, mimi nakwenda Kariakoo. Akasema, "Si huko huko tu!"

Ndani ya daladala nilisimama mguu mmoja hadi Gerezani, nikapata nafasi ya kutafakari hilo jina, Kariakoo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, walikuta Wajerumani wamejenga banda la soko ambalo hata halijaanza kazi. Wakalifanya kambi ya wapagazi wao wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Babu zetu wakalitafuna hilo jina mpaka likalainika. Wenzetu wa Nairobi nao walilitafuna, wakatoa Kariokor. Kwa hiyo ukishuka pale na mikono mitupu ukarudi umebeba zulia, usimlaumu mtu. Jina lilishakuambia.

Mkanda nao una kisa chake. Kijana wa kwanza Mtaa wa Kongo nilimuuliza kama anao. "Upo, mzee, kaa hapa." Akanipa stuli. Nikatazama meza yake: soksi, chaja, na sabuni ya mende. Akatoka mbio, akapotea uchochoroni, akarudi anahema na mkanda mkononi. Elfu tano. Nilipochungulia duka la jirani, mikanda ile ile imening'inia kama tambi, kila mmoja buku tatu. Yaani nimelipa elfu mbili kwa sababu ya kukalia stuli! Na bado akaniambia, "Karibu tena, boss."

Mara mvua ikamwagika. Nikajibanza nikilitazama paa la soko kuu, lile la zege lililokaa kama miavuli iliyogeuzwa na upepo. Alilisanifu Mtanzania, Beda Amuli, soko likajengwa miaka ya 1970, na ile miavuli kukaa kichwa chini ni makusudi: inakinga maji ya mvua yateremke hadi kwenye matangi chini ya soko. Akili kubwa. Tatizo ni sisi wa barabarani. Kule juu maji yana tangi, huku chini tangi ni viatu vyangu.

Haya, miwani. Nikashika Barabara ya Uhuru, feni begani, zulia kwapani. Nikavuka Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili Waafrika wa Kariakoo wasikaribiane mno na Uhindini. Walipima utengano wao vizuri sana, nauthibitisha kwa magoti. Nikaupita Mnara wa Saa, ukumbusho wa Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, nikanyoosha na Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Hapo nikatua mzigo.

Watu humtumia yule askari kwa kuahidiana tu, "tukutane Askari," kisha mmoja anachelewa saa nzima. Mimi siku hiyo nilisoma. Pale mwanzo alisimamishwa Mjerumani, Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Waingereza wakamng'oa, na huyu wa sasa akasimama mwaka 1927, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Chini yake wameandika kuwakumbuka askari na pia wapagazi, kwamba hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikazunguka sanamu nzima kumtafuta huyo mpagazi aliyesifiwa. Hayupo! Mwenye bunduki kapewa sanamu katikati ya mji, mwenye mzigo kapewa soko ambalo mvua ikinyesha unatembea kama bata. Nikaiangalia feni, feni ikaniangalia.

Miwani nilipewa, imefungwa kwenye gazeti, na fundi akanionya nisiikalie. Nikarudi Kariakoo kutafuta gari la nyumbani, jasho linanitoka, shati nimelivua na kulikunja begani ili feni isinichubue. Pale Msimbazi mama mmoja mnene, khanga mbili na marobota matatu ya vitenge mbele yake, akanipigia makofi. "We kuli! We mwenye feni! Mpaka Gerezani shilingi ngapi?"

Nikageuka nimtolee uvivu. Mimi, baba wa watoto wanne, naitwa kuli hadharani? Nikavuta pumzi, nikakumbuka elfu mbili ya stuli.

"Elfu mbili, mama," nikasema. "Ila zulia utanishikia wewe."