Folio za Linux: kasi si hoja ya kwanza

Folio ni aina ya data inayoiwezesha Linux kushughulikia kundi la vipande vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vilivyopakana kama kitu kimoja. Zikitajwa, swali huwa moja: kompyuta itaongeza kasi kiasi gani? Kasi imeongezeka kweli, lakini mimi naziunga mkono kwa sababu nyingine. Zimeondoa utata katika sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambayo haifai kabisa kuwa na utata.

Tangu enzi za Intel 80386 ya mwaka 1985, kompyuta zetu za kawaida hugawa RAM katika kurasa za kilobaiti 4. Faili la megabaiti 1 likisomwa linakaa kwenye kurasa 256, na mifumo ya faili (msimbo unaopanga mafaili kwenye diski) ilizoea kuzishughulikia moja moja, sawa na karani wa ghala anayepima korosho punje kwa punje ilhali magunia yamejaa mbele yake.

Kuunganisha kurasa kuwa kundi kuliwezekana zamani. Ila kundi lina ukurasa wa kichwa, yaani wa kwanza, na kurasa za mkia zinazoufuata, na zote zilipitishwa kwenye msimbo kwa aina moja ya data. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ikipokea ukurasa, ilibidi ikague kila mara kama ni kichwa au mkia, au aliyeiandika akisie tu. Kukisia huko ndiko kunakonitisha. Hapa Mtwara kilo za mkulima wa Newala au Tandahimba huingia kwenye kompyuta ya chama cha msingi kabla ya mnada, na kati ya tarakimu zile na diski kuna msimbo huu huu. Ukikosea ukurasa, faili linaweza kuharibika kimyakimya.

Folio, iliyobuniwa na Matthew Wilcox, haiwi mkia kamwe. Basi. Aina ya data yenyewe inatoa uhakika huo, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) inamkatalia anayechanganya. Baada ya mabishano marefu mwaka 2021, folio ziliingia Linux toleo la 5.16, Januari 2022. XFS, mmojawapo wa mifumo ya faili, ilianza kutumia folio kubwa kwenye 5.18 mwaka huo huo. Ext4, mfumo wa faili ambao wengi wetu tunayo ndani ya Ubuntu, ilisubiri hadi 6.16, Julai 2025. Wapo wanaolalamikia mwendo huo. Kwangu mimi ndio mwendo unaofaa kwa kitu kinachobeba data za watu.

Hofu kuhusu mashine za mitumba zenye RAM ya gigabaiti 4 ina msingi, maana RAM ikishatawanyika ni vigumu kupata nafasi iliyoshikana ya kutosha folio kubwa. Hapo kerneli hurudi kwenye folio ndogo na kazi inaendelea. Hoja nzito zaidi ilikuwa ya uandishi: ukigusa baiti chache, folio nzima iliweza kuandikwa upya kwenye diski. Toleo la 6.6 la mwaka 2023 lilileta ufuatiliaji wa kila bloku (kipande kidogo cha data) iliyobadilika, na XFS ikanufaika.

Gharama halisi imeangukia mifumo ya faili isiyo na watunzaji. Kila mmoja unahitaji mtu wa kuuhamishia kwenye folio, na asipopatikana unakuwa mzigo kwa wote. ReiserFS, mfumo wa faili wa zamani, iliondolewa kwenye 6.13, Januari 2025, na naafiki. Mwenye diski yake ya zamani bado anaweza kuifungua kwa kerneli ya toleo la nyuma. Anakili mafaili yake kwenda ext4 sasa, diski ikiwa bado nzima.