Senti ya 1922 Isiyo na D: Thamani Halali au Uchakavu tu?

Mwaka 1922 senti za Marekani ziligongwa katika kiwanda cha sarafu cha Denver peke yake. Kile cha Philadelphia hakikugonga hata moja. Kila senti ya mwaka huo ilipaswa kuwa na herufi D, alama ya Denver, chini ya tarehe. Zipo zisizokuwa nayo, na wakusanyaji huzigombania kwa bei kubwa. Je, wana haki?

Wanaopinga wana hoja nzito. Hakuna aliyesahau kuiweka D, wanasema. Mihuri ya chuma inayogonga picha na maandishi kwenye sarafu ilitumika mpaka ikachoka, uchafu ukajaa kwenye herufi, D ikafifia. Wanailinganisha na senti za 1955. Ile maarufu inatokana na muhuri ulioandaliwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja bila kulingana sawasawa, hivyo kila senti iliyogongwa nao ina tarehe na maandishi maradufu yaleyale. Nyingine za mwaka huohuo zina kivuli kando ya tarehe kwa sababu ya uchovu wa muhuri tu, na bei yake ni ndogo. Kama uchovu hauna thamani mwaka 1955, kwa nini uwe nayo mwaka 1922?

Kwa sehemu kubwa ya senti hizo nakubaliana nao. Sarafu iliyofifia mbele na nyuma, au yenye mabaki ya D yanayoonekana kwa lenzi, ni kazi ya muhuri mzee, na mimi singeilipia nyongeza ya maana.

Lakini kuna jozi moja ya mihuri inayonifanya nisiifute habari yote. Wachunguzi wanaeleza kwamba muhuri wa mbele ulisuguliwa sana kuondoa kasoro, D ikatoweka kabisa, kisha ukawekewa mwenzake mpya wa nyuma. Matokeo yake unayaona mkononi: uso wa Rais Lincoln umefifia, ila ukigeuza, mistari ya masuke ya ngano imekaa wazi. Mbele, ile 2 ya mwisho ni kali kuliko ya kwanza. Hapo pana tukio mahususi kiwandani, lenye alama zinazojirudia sarafu hadi sarafu. PCGS, kampuni inayothibitisha sarafu na kuzipanga madaraja, nayo huziorodhesha mbali na zile za nyuma hafifu.

Alama hizo pia ndizo kinga dhidi ya walaghai wanaoikwangua D. Ukitazama chini ya tarehe chini ya mwanga wa upande, shaba iliyokwanguliwa huacha mikwaruzo na kubonyea, na mara nyingi rangi yake hailingani na sehemu zinazoizunguka. Huo ni uharibifu uliofanywa baada ya sarafu kutoka kiwandani, na muuzaji anayeuita kosa la kiwanda anamwibia mnunuzi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza sarafu: nyuma ikiwa hafifu, usilipe bei ya ile yenye masuke makali, hata kama D haionekani kabisa.