Haki na Hakimu Si Ndugu

Mara ya kwanza nilipofungua kamusi ya Kiarabu nilitafuta neno maktaba kwenye herufi ya mim, nikapekua kurasa zote nisilione. Ustadhi wetu, Mmisri aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwetu, alicheka kidogo, kisha akanipeleka kwenye kaf, kwenye mzizi k-t-b. Hapo nililikuta pamoja na jamaa zake: kataba, aliandika, katib, mwandishi, kitab, kitabu, maktub, kilichoandikwa.

Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa kwa mzizi, ambao kwa kawaida ni konsonanti tatu zinazobeba wazo, na kwa umbo linaloleta irabu na viambishi. Wanasarufi huliita umbo hilo wazn, neno lilelile lililotupa uzani, lenye mzizi mmoja na mizani, na hulipima kwa herufi za fa, ain na lam, zinazosimama mahali pa konsonanti tatu za mzizi. Umbo la maf'ul, kwa mfano, humtaja aliyetendwa, nasi tunalitumia kila siku bila kujua: majeruhi ni aliyejeruhiwa, mahabusu ni aliyefungwa, marehemu ni aliyerehemiwa, maarufu ni anayejulikana. Ndiyo maana hata mtu mmoja aliyeumia ajalini huitwa majeruhi, ingawa ile ma- hutushawishi tuihesabu kuwa ya wingi.

Kinachonisikitisha ni kwamba darasani mwalimu wa Kiswahili husema tu kuwa neno fulani limetoka Kiarabu, kisha hupita, kana kwamba lilifika peke yake bila ukoo. Chukua haki na hakimu. Kwa sikio la Kiswahili utaapa kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, kumbe haki ina qaf mbili katika mzizi wake, h-q-q, na ndugu zake ni hakika na hakiki, ilhali hakimu ni wa h-k-m, wenye kaf, pamoja na hukumu, mahakama na hekima. Matamshi yetu ya kawaida hayatofautishi qaf na kaf, na hivyo koo mbili zikaonekana kuwa moja. (Waliowahi kungojea kesi kwa miaka huenda wasishangae kusikia kwamba haki na hakimu hawana nasaba.)

Hata hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba Kiswahili kiliyaharibu maneno haya. Kilichofanyika ni kuyasoma upya kwa sarufi yetu. Katika kitab, k ni herufi ya mzizi. Sisi tuliisikia ki- ya ngeli, tukasema vitabu, na konsonanti ya kwanza ya mzizi ikatoweka, wakati Waarabu wenyewe husema kutub. Waraka ukawa nyaraka na wakati ukawa nyakati kwa njia hiyohiyo, w ya mzizi ikiachwa nyuma. Kwa mu'allim tulikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa mu- yao ya mtenda iliangukia palepale penye m- yetu ya watu, tukapata mwalimu na walimu bila kulazimisha chochote. Msafiri na mhasibu wakaingia kwa mlango huohuo.

Siku nilipomwandikia ustadhi neno vitabu ubaoni, aliuliza kaf imekwenda wapi. Nilimjibu kwamba imeliwa na ngeli, naye akachukua daftari lake na kuniomba nimwandikie ngeli zote.