Wametuambia nani kampigia nani, hawajatuambia kwa nini

Marekani wakianza kura za mchujo, zile za vyama kuchagua wagombea wao wa urais, vijiwe vya Dar vinapata mada. Mtu anafungua simu, anawasomea wenzake: weusi asilimia kadhaa kwa huyu, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kwa yule, wazungu wamegawanyika. Hitimisho linatoka hapo hapo: "Mnaona? Hata wao wana ukabila." Nimelisikia Kariakoo, nimelisikia Mwenge, na linanikera kila mara, kwa sababu takwimu hizo hizo ukizisoma taratibu zinasema jambo jingine.

Tuanze na South Carolina, Januari 26, 2008. Wapiga kura wa Chama cha Democratic walioulizwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba Barack Obama alipata asilimia 78 ya kura za weusi na asilimia 24 tu ya kura za wazungu. Jimbo alilichukua kwa asilimia 55, Hillary Clinton akaambulia 27. Siku hiyo hiyo Bill Clinton akawakumbusha waandishi wa habari kwamba Jesse Jackson, mwanasiasa mweusi aliyewania urais kabla ya Obama, naye alishinda pale mwaka 1984 na 1988. Wengi walimwelewa hivi: mweusi kapigiwa na weusi wenzake, hakuna jipya hapo.

Jipya lilikuwepo. Mwishoni mwa 2007, tafiti za maoni zilikuwa bado zinamweka Hillary Clinton mbele miongoni mwa Wademokrati weusi, na rangi ya Obama ilikuwa hiyo hiyo. Katikati ikaja Iowa. Januari 3, 2008, jimbo ambalo zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni wazungu likampa Obama ushindi. Kwa mzee mweusi wa South Carolina aliyekuwa anahofia kwamba wazungu hawatampa kura mtu mweusi, hofu hiyo ilikuwa imejibiwa. Damu haibadiliki ndani ya miezi mitatu. Hesabu ya nani anaweza kushinda hubadilika, tena haraka.

Songa mbele hadi 2016, South Carolina ile ile: asilimia 86 ya weusi wakampa Hillary Clinton, wakamwacha Bernie Sanders. Mwaka 2020, asilimia 61 wakaenda kwa Joe Biden. Kamala Harris na Cory Booker, weusi wote wawili, walikuwa wamejitoa hata kabla kura ya kwanza haijapigwa. Siku tatu kabla ya uchaguzi huo Jim Clyburn, mbunge mweusi mkongwe wa jimbo hilo, alitangaza kumuunga mkono Biden, na karibu nusu ya wapiga kura walisema tamko lake lilikuwa na uzito katika uamuzi wao. Watu hawa wanapiga kura kwa pamoja, ndiyo. Lakini wanamfuata mtu wanayemwamini, aliyekaa nao miaka, na wanapima nani ataweza kumwangusha mpinzani. Anayeuita huo ukabila anawavunjia heshima.

Kuna na tatizo la vipimo vyenyewe. Nevada mwaka 2016, utafiti uliofanywa mlangoni ulimpa Sanders asilimia 53 ya Walatino na Clinton 45. Timu ya Clinton ikakataa katakata, ikaonyesha matokeo ya maeneo ya Las Vegas wanakoishi Walatino wengi, ambako mama huyo alikuwa amefanya vizuri. Ubishi ule ulitokana na sampuli: Walatino waliohojiwa walikuwa mia mbili na kidogo tu. Kundi dogo namna hiyo likigeuzwa kichwa cha habari, msomaji wa Dar atajuaje kwamba namba inaweza kuyumba?

Sisi huku tumechagua kutouliza. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kuhesabu watu kwa makabila, na kwa sensa naona ulikuwa uamuzi sahihi. Hata ukiuliza, jibu halikai kwenye kisanduku. Niliwahi kuzunguka na dodoso Mbagala, nikamuuliza mama mmoja muuza chapati kabila lake. Akaendelea kusukuma donge, akasema: "Baba Mmakonde, mama Mzaramo, mume wangu Mpare. Wewe mwanangu andika unalotaka." Nilibaki na kalamu hewani.

Ila kutouliza kusitufanye tujisifu kwamba tumepona. Kila zikiisha kura za maoni ndani ya vyama vyetu, mitaani utasikia "wajumbe wamempa mtu wa kwao", au wa dini yao, au mwenyeji dhidi ya mgeni. Huenda ni kweli, huenda ni mtu aliyeshindwa anatafuta pa kulalia. Mwalimu Nyerere aliutaja ukabila miongoni mwa nyufa za taifa mwaka 1995, na tangu hapo wengi tunabishana nao kwa minong'ono.

Vyuo na taasisi zetu za utafiti zinao watu wa kuifanya kazi hii. Ninachotaka ni wawahoji wajumbe wakitoka ukumbini, kwa siri, bila majina. Waulizwe walimchagua nani, na wapewe nafasi ndefu ya kueleza kwa nini: alijenga zahanati, tulisoma naye, alitoa bahasha, wenzangu walinishawishi, ni wa kwetu. Kisha matokeo yachapishwe pamoja na idadi ya waliohojiwa katika kila kundi, na kundi likiwa dogo mno, asilimia zake zisitangazwe kabisa.