"Mtandao unasumbua" si jibu

Mteja yuko kaunta, simu mkononi, malipo hayapiti. Muuzaji anasema, "Mtandao unasumbua," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi inayowagharimu wafanyabiashara wetu kuliko bei ya bando, kwa sababu neno "mtandao" limebebeshwa mizigo mingi mno. Ni kampuni ya simu, ni intaneti, ni Wi-Fi ya dukani, ni mfumo wa mauzo, ni Instagram. Kila kimoja kina namna yake ya kuharibika na fundi wake wa kuitwa. Asiyevitenganisha humpigia asiyehusika, akasubiri nusu siku, na mwisho akalipia matengenezo ya kitu kizima.

Tuanze na Wi-Fi. Hiyo ni redio ya masafa mafupi kati ya simu au kompyuta na ruta iliyo ukutani, basi. Alama ikijaa pale juu ya kioo, maana yake ruta unaipata vizuri. Haisemi lolote kuhusu njia inayotoka kwenye ruta kwenda nje, na njia hiyo ndiyo intaneti. Kuvitenganisha ni kazi ya dakika moja: zima Wi-Fi, washa data ya simu, fungua ukurasa uleule. Ukifunguka, tatizo liko kwenye ruta yako au kwa kampuni inayokuletea intaneti. Usipofunguka, jaribu tovuti nyingine mbili. Zikifunguka hizo, tovuti ya kwanza ndiyo yenye matatizo, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia chochote.

Hapo soma namba ya kosa inayotokea kwenye ukurasa. Namba zinazoanza na 4 zinalalamikia ombi lako: 404 ni ukurasa usiopatikana, mara nyingi anwani imekosewa au imehamishwa. Zinazoanza na 5 zinatoka upande wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti: 500 ni programu iliyokwama ndani, 503 ni seva iliyozidiwa au iliyo kwenye matengenezo, 502 na 504 ni seva iliyotegemea nyingine nyuma yake ikakosa jibu sahihi. Ukimwambia fundi "inaleta 504 tangu saa nne asubuhi", anajua pa kuanzia. Ukimwambia "mtandao hakuna", anaanza kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe.

Kuna pia DNS, ambayo wengi huisikia kwa mafundi tu. Ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, maana kompyuta hutafutana kwa namba. Ikifa, kila kitu huonekana kimekufa. Kwenye dirisha la amri la kompyuta andika ping ikifuatiwa na 8.8.8.8, ambayo ni namba ya seva ya Google, kisha rudia kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likigoma kutambulika, intaneti ipo. Kilichoharibika ni DNS, na kubadili mpangilio wake kwenye ruta huchukua dakika chache.

Malipo ya simu yana njia zake. Ukipiga *150*00# Tanzania au *334# Kenya kufungua M-Pesa unatumia USSD, inayopita kwenye njia za mawasiliano ya kampuni ya simu yenyewe bila bando wala intaneti. Programu ya kampuni hiyohiyo iliyo kwenye simu janja, kwa kawaida, inahitaji data. Kwa hiyo programu ikigoma, jaribu USSD kabla hujamrudisha mteja nyumbani. Ila USSD ni mazungumzo yenye muda maalumu: ukichelewa kujibu, inakata. Ikikata baada ya mteja kuweka namba ya siri, asirudie papo hapo. Aangalie ujumbe au salio kwanza, kwani agizo linaweza kuwa limeshafika na fedha zimeshatoka.

Neno linalostahili muda zaidi ni API, kwa kuwa kila muuzaji wa mifumo analitaja na wanunuzi wachache hulihoji. API ni mlango ambao programu moja hutumia kuiomba nyingine kazi, kwa utaratibu uliokubaliwa. Safaricom waliuita wao Daraja, jina linaloeleza kazi yenyewe. Duka la mtandaoni likitaka kulipwa, mfumo wake hutuma ombi kupitia mlango huo, mteja anaona kisanduku cha namba ya siri kwenye simu yake, anathibitisha, kisha kampuni ya simu hurudisha jibu kwenye anwani ambayo mfumo wa duka uliitoa mapema.

Ugonjwa wa kawaida uko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Fedha zimeingia, mteja ana ujumbe, lakini mfumo unaonyesha "haijalipwa". Mara nyingi jibu lilitumwa na halikupokelewa: seva ya duka ilikuwa imezimika, au cheti chake cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, kilikuwa kimeisha muda. Wapo mafundi wanaomwambia mteja alipe tena, na hilo ni kosa kubwa. Mfumo ulioandikwa vizuri ukikosa jibu huuliza wenyewe hali ya muamala, na hutunza namba ya muamala ili malipo moja yasihesabiwe mara mbili. Kabla ya kulipia mfumo, muulize muuzaji: "Jibu lisipofika, mfumo wako unafanya nini?" Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, usitie saini.

"Wingu" nalo limezungukwa na ukungu. Ni kompyuta za watu wengine unazozikodi, zilizo kwenye jengo fulani, katika nchi fulani. Amazon, kwa mfano, walifungua kituo chao cha Cape Town mwaka 2020; huduma nyingine ziko Ulaya. Tunazifikia kwa nyaya zilizolala chini ya bahari, na Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Seva zenyewe hazikuwa na tatizo. Ndiyo maana mfumo wa mauzo unapaswa kuweza kuuza bila intaneti na kupeleka kumbukumbu baadaye.

Mkataba ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.9, piga hesabu. Mwaka una saa 8,760, hivyo unaruhusu kukosekana kwa huduma kwa takriban saa 8 na dakika 45. Asilimia 99 inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu. Na kasi ya intaneti inauzwa kwa biti, wakati mafaili yanapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8: laini ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, inapakua megabaiti 2.5 kwa sekunde, ikiwa inafanya kazi kikamilifu.

Jina la tovuti, yaani domeini, na nafasi kwenye seva ni vitu viwili, na kila kimoja kina ada yake. Hakikisha domeini imesajiliwa kwa jina la biashara na barua pepe yako. Ikisajiliwa kwa jina la fundi, siku mkigombana ataondoka nayo.

Mwisho ni chelezo, yaani nakala ya akiba (backup). Watu wengi wanaamini faili lililo kwenye Google Drive tayari lina chelezo. Kule kuna ulandanishaji: ukifuta huku, linafutika na kule, na pipa la taka hulitunza siku 30 tu. Kirusi kikiyafunga mafaili kwenye kompyuta, yaliyofungwa ndiyo yatakayopandishwa. Chelezo ni nakala iliyotengana, na kanuni ya wenye kazi ni 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya jengo. Mara moja kila mwezi chukua nakala hiyo, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, ufungue daftari la mauzo la juzi. Lisipofunguka, huna chelezo.