Skylab: Darubini ya Jua Iliyohitaji Mikono ya Watu

Skylab inapotajwa, wengi hukumbuka mambo mawili tu: hitilafu ya siku kilipofyatuliwa na mabaki yake yaliyoanguka Australia. Kwa maoni yangu, kumbukumbu hizo zimeifunika kazi kubwa zaidi ya kituo hicho cha kwanza cha anga cha Marekani, yaani kulichunguza jua, pamoja na swali ambalo bado linastahili kujadiliwa: je, palikuwa na haja ya kupeleka watu kukaa na darubini huko juu? Naamini kwamba kwa wakati ule haja ilikuwepo.

Hitilafu yenyewe inajulikana. Tarehe 14 Mei 1973, takriban dakika moja baada ya roketi ya Saturn V kuondoka Florida, ngao ya kituo iling'oka, na kituo kikafika angani kikiwa kimepoteza bawa moja la paneli za sola huku la pili likiwa limebanwa na kipande cha chuma. Joto la ndani lilipanda kupita nyuzi 50. Wanaanga Pete Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz walikwenda, wakafungua kitambaa cha kivuli mfano wa mwavuli, na tarehe 7 Juni bawa lililobanwa likakunjuliwa.

Hata hivyo, ukarabati huo sio hoja yangu kuu, kwa sababu mtu anaweza kujibu kwamba mafundi wale waliokoa makazi yao wenyewe. Hoja yangu ni filamu. Darubini nyingi za Skylab, zilizopokea eksirei na miali ya urujuanimno ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie, zilirekodi picha kwenye filamu halisi. Filamu hizo zilikuwa na kikomo, na ilibidi wanaanga watoke nje wakiwa wamevaa mavazi yao mazito, wachomoe makasha yaliyojaa, waweke mapya, kisha wayarudishe duniani. Katika safari moja ya namna hiyo, tarehe 19 Juni, Conrad alikigonga kwa nyundo kifaa cha umeme kilichokuwa kimegoma, nacho kikafanya kazi, kama vile tunavyoipiga kofi redio ya zamani.

Kwa kuwa filamu ilikuwa chache, kujua wakati wa kupiga picha kulikuwa muhimu kuliko kupiga picha nyingi. Edward Gibson, mtaalamu wa fizikia ya jua aliyekuwa katika kundi la tatu na la mwisho, alikaa mbele ya viwambo akilitazama eneo lililokuwa likichemka, na tarehe 21 Januari 1974 doa dogo lilipoanza kung'aa alianza kurekodi mara moja. Kwa njia hiyo, mlipuko wa jua ulinaswa kutoka angani tangu kuzaliwa kwake. Uamuzi wa namna hiyo, kwa mitambo ya mwaka ule, ulihitaji jicho la mtu aliyebobea.

Thamani ya mavuno yake inaonekana vizuri tukikumbuka kupatwa kwa jua kwa tarehe 30 Juni 1973, ambako wanasayansi walisafiri na vifaa vyao hadi Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ili waione korona, yaani tabaka la nje la gesi linalolizunguka jua, kwa dakika chache tu. Skylab ilikuwa na darubini iliyolifunika jua kwa kisahani, ikaitazama korona kwa miezi, na kuonyesha mawingu makubwa ya gesi yakirushwa nje mara kwa mara. Picha za eksirei nazo zilisaidia kuthibitisha kwamba upepo wa jua wenye kasi, yaani mkondo wa chembe unaotoka kwenye jua, hutoka katika matundu ya korona, sehemu zake zinazoonekana nyeusi katika picha hizo.

Nakubali kwamba hoja yangu ina mipaka. SOHO, chombo cha anga cha kuchunguza jua kilichorushwa Desemba 1995, kimelitazama jua kwa miongo kadhaa bila mtu yeyote ndani, kwa kuwa picha za kielektroniki hutumwa kwa redio.

Ninachokilaumu ni mpango wa baadaye. Wanaanga wa mwisho waliondoka Februari 1974, kituo kikaachwa bila injini ya kukiinua vya kutosha, kwa matumaini kwamba vyombo vipya vya Marekani vya kwenda angani na kurudi vingefika kukisukuma. Shughuli za jua ziliongezeka kuliko ilivyotarajiwa, hewa ya juu ikapata joto na kutanuka, ikakivuta kituo chini hadi kilipoanguka tarehe 11 Julai 1979. Chombo cha kwanza kati ya vile vilivyosubiriwa kiliruka Aprili 1981.