Kodi Huenda Dodoma, Hasara Hubaki Tandahimba

Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi Oktoba, wilaya za Tandahimba na Newala mkoani Mtwara hubadilika sura. Msimu wa 2024/25 bei za minada ya mwanzo zilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na mtu aliyekuwa anakopa sabuni dukani mwezi Agosti akajikuta na hela benki. Mabati mapya yanaonekana, bodaboda mpya zinaonekana, sherehe za jando na unyago zinapangiwa tarehe. Lakini siku hizi kuna wengine wanaokaa mkao wa kula msimu huo: vibanda vya ubashiri, mashine za dubwi, zile za kamari ya sarafu, kwenye baraza za maduka, na kampuni ambazo hazihitaji hata kibanda kwa sababu zinaishi ndani ya simu.

Mjadala wa kubeti nchini umekuwa na pande mbili zinazopigiana kelele. Upande mmoja unataja kodi, ajira na udhamini wa mpira. Upande wa pili unataja dini na vijana walioharibikiwa. Kila upande una hoja za kweli, nami nitazitaja. Ila ukiutazama mchezo huu ukiwa Mtwara au Lindi, unaona jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: faida yake inahesabiwa sehemu moja, hasara inabebwa sehemu nyingine, na anayeibeba hana daftari la kuiandika.

Tuanze na watetezi, maana hawasemi upuuzi. Kubahatisha hakukuja na simu. Sheria za bahati nasibu zilikuwepo tangu 1967, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Wizara ya Fedha. Kabla ya vibanda vyenye leseni, karata za hela zilichezwa chini ya mikorosho na pata potea ilichezeshwa stendi. Ukiibiwa pale, ulikuwa unamlalamikia nani? Leo mwenye tiketi yake halali ana pa kwenda, na kampuni ina leseni ambayo inaweza kunyang'anywa. Anayetaka kila kitu kipigwe marufuku aeleze kwanza kwa nini mchezo uliochezwa gizani kwa miaka yote ile utakufa ukirudishwa gizani, tena zama hizi ambapo tovuti ya ng'ambo inafunguka kwa kugusa kioo.

Mpira nao unakula humo. Simba na Yanga zilianza kuvaa jina la SportPesa kifuani mwaka 2017, na mwaka huohuo kampuni hiyo ikawaleta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga bao la kukumbukwa. Tangu mwaka wa fedha 2021/22, sehemu ya kodi ya ubashiri hupelekwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mtu wa Mtwara aliyeiona Ndanda ikishuka daraja mwaka 2020 hahitaji kuelezwa timu ya mkoani isiyo na mdhamini inaishi vipi.

Halafu kuna hoja ya uhuru, na hii naiheshimu kuliko zote. Mtu mzima aliyeshinda juani akipalilia, jioni akaweka buku kwenye mkeka wake wa ubashiri ili mechi ya Arsenal imnogee, hajamkosea mtu. Wengi wanaobeti wako hivyo. Wakiliwa wanacheka, kesho wanaendelea na kazi. Ukiwahubiria kana kwamba wote wamepotea, wanakuona hujui unachokisema.

Wapo pia wanaosema mkulima wa korosho ni mbahatishaji tangu zamani. Anahudumia shamba mwaka mzima bila kujua mnunuzi atatoa bei gani. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada, Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Na kama ni kubahatisha, mji wenyewe wa Mtwara ulipangwa upya na kupewa bandari ya kina kirefu kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, uliolenga mashamba ya Nachingwea. Ulianza 1947, ukavunjwa 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Lakini ule mkeka ulipochanika, hasara ililipwa na hazina ya London. Na mkulima wa korosho, pamoja na mashaka yote ya bei, akipulizia salfa kwa wakati anapunguza ugonjwa wa ubwiriunga na kuongeza mavuno. Jasho lake lina pa kuingilia. Kwenye mkeka jasho halina mlango.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua kijana anayeujua mpira kwelikweli, ambaye kila timu anayoichagua ina nafasi 6 kati ya 10 za kushinda. Huyo ni mjuzi. Akiunganisha timu kumi, nafasi ya mkeka mzima kupita ni kama 6 kati ya 1,000. Na kampuni ikijiwekea asilimia 5 tu kwenye bei ya kila mechi, asilimia hizo hujirudia juu ya mechi inayofuata, na ya tatu, mpaka ya kumi. Mwishoni, katika kila shilingi 1,000 zilizowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, kampuni inatarajia kubaki na karibu 400. Ndiyo maana bonasi hutolewa kwa wanaounganisha timu nyingi, si kwa mwenye mkeka wa timu moja. Juu ya hapo kuna kodi ya ushindi, inayokatwa kwenye kila mkeka uliokula hata kama mwenye mkeka kwa mwezi mzima yuko kwenye hasara. Ilikuwa asilimia 18 mwaka 2017, ikapandishwa hadi 20 mwaka 2019, baadaye ikashushwa. Serikali inajadili kiwango, kampuni inajadili kiwango. Aliyeliwa hajadiliwi.

Dubwi ni habari nyingine, na mimi naliona baya kuliko mkeka. Mkeka angalau una dakika tisini za kusubiri. Dubwi linakaa barazani, karibu na magunia ya mchele na ndoo za mafuta ya kupima, linapiga muziki na taa zinazunguka. Sarafu ya shilingi 200 inaingia, sekunde chache majibu, inaingia nyingine. Sheria inasema chini ya miaka 18 haruhusiwi. Sasa mtoto katumwa sukari, kapewa noti, chenji imerudi kwa sarafu, na mashine iko hatua mbili kutoka kaunta. Nani atamzuia? Muuza duka analipwa kwa mgao wa kilichomo ndani ya mashine, na siku mwenye mashine anapokuja kuifungua, sarafu hazina umri. Pombe walau kijijini ina mahali pake, na mtoto akionekana kilabuni watu wazima watamuuliza. Dubwi limewekwa palepale mtoto anapotumwa na mama yake.

Kwenye simu kuna madhara ambayo naona hayajazungumzwa vya kutosha, na yanahusu vikoba. Akina mama wengi wa kusini wameweka akiba zao huko. Kikoba cha awali kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na wanachama watatu wa nyumba tofauti. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Mpango ule haukumtaka mtu yeyote awe malaika. Ulikuwa umeshapiga hesabu kwamba binadamu hushawishika.

Kisha hela ikahamia kwenye simu. Ni jambo jema, wezi wa sanduku wamekosa kazi. Lakini kwa vikundi vilivyoiweka kwenye laini ya mtu mmoja, kufuli tatu zimegeuka namba ya siri moja ya mweka hazina. Na simu hiyohiyo ndiyo yenye menyu ya mkopo na menyu ya kubeti. Mweka hazina akiwa na mume au kijana anayeijua namba yake, hela ya wanawake thelathini iko umbali wa kubonyeza mara chache. Nimesikia kisa cha namna hii zaidi ya kijiji kimoja, na mwendo wake unafanana: hela inachukuliwa usiku wa mechi kwa nia ya kuirudisha asubuhi, mkeka unachanika, mkopo wa simu unachukuliwa kuziba pengo, nao unakwenda kwenye mkeka mwingine. Mwezi unaofuata wanachama wanakuja kuchukua mikopo ya ada, hakuna kitu. Kiasi chenyewe huenda kisifike milioni. Kinachokufa ni kikundi. Wale wanawake hawatakusanyana tena kwa miaka, na hakuna takwimu ya kodi itakayoonyesha kwamba kijiji kimepoteza benki yake pekee.

Mikopo ya mtandaoni, ile watu waliyoibatiza kausha damu, imeshaitia Serikali wasiwasi. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua nzuri. Ila deni likichukuliwa kwa njia halali na kupelekwa kwenye mchezo halali, huwezi kumshika mtu, kwa sababu kila kipande kina leseni yake.

Kwa kusini mnyororo huu unaishia shambani. Miezi ya kabla ya msimu ndiyo miezi ya njaa ya hela. Kijana aliyebanwa na deni mwezi Agosti anakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, na kuziuza korosho zikingali maua, kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ambao mikoa hii imeutumia tangu 2007 ili mkulima asinyonywe namna hiyo. Serikali imepiga vita kangomba kwa miaka, imekamata mizigo, imetisha wanunuzi. Lakini kangomba anaishi kwa dhiki ya muuzaji, na sasa kuna mashine inayotengeneza dhiki mwaka mzima, inalipa kodi na inatangaza redioni. Simaanishi kila anayeuza kwa kangomba kabeti. Wengi wanauguza, wanasomesha, wanazika. Ninachosema ni kwamba kundi jipya limeongezeka kwenye foleni ile.

Dini imelitamka hili zamani, na pwani yetu inajua. Watu husoma zaidi aya ya Sura Al-Maida inayoikataza kamari moja kwa moja. Mimi huvutiwa na ile ya Al-Baqara, aya ya 219, inayokiri kwamba katika ulevi na kamari kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, kisha ikasema dhambi ni kubwa kuliko manufaa. Yaani manufaa hayakukanushwa, yalipimwa. Tatizo letu la leo ni kwamba tunapima upande mmoja tu wa mzani. TRA, iliyokabidhiwa kukusanya kodi hizi mwaka 2017, inajua ilichopokea. Ofisi ya ustawi wa jamii inapokea ugomvi wa ndoa na matunzo ya watoto, na dawati la jinsia polisi linapokea mke aliyepigwa kwa kuuliza hela ya korosho imekwenda wapi. Mbele yao kesi hizi zinaitwa ugomvi wa nyumbani, na mkeka unabaki nje ya jalada.

Marufuku siiungi mkono, na sababu nimeshazieleza. Kenya ilizibana kampuni mwaka 2019 kwa leseni na kodi, baadhi zikafunga ofisi na wafanyakazi wakarudi nyumbani, lakini Wakenya wanabeti mpaka leo. Nataka vitu vidogo vinavyoweza kufanyika. Dubwi litoke kwenye maduka ya vyakula, liwekwe mahali pa watu wazima panapojulikana. Halmashauri ndizo zinazotoa leseni za maduka hayo, hivyo mlango wa kuanzia upo. Mkopo wa simu ukitolewa, usiweze kwenda kwenye akaunti ya ubashiri kwa saa kadhaa. Kitaalamu si kazi ngumu, miamala mingi ya namna hii hupita kwa kampuni zilezile za simu. Vikoba virudishiwe kufuli tatu, kwa akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya watu watatu kabla hela haijatoka, na maafisa maendeleo ya jamii wavisajili hivyo.

La mwisho linahusu ushuru. Korosho ikiuzwa, asilimia 3 ya ushuru wa mazao inarudi halmashauri, na ndiyo maana madiwani wa Tandahimba, Nanyamba na Liwale hufuatilia kila mnada na kuuliza kila tani iliyopotea njiani. Ubashiri hauna ushuru wa namna hiyo, kwa hiyo hakuna diwani mwenye sababu ya kuuliza ni kiasi gani kimetoka kwenye wilaya yake. Kampuni ndizo zenye kumbukumbu za miamala. Bodi izitake zitoe takwimu kwa wilaya, kwa mwezi, hela iliyowekwa na hela iliyorudi, kuanzia Oktoba mpaka Oktoba, zibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri palepale zinapobandikwa bei za mnada.